Lumbwa na Kipkelion: Suala la Kupanga na Kutafuta Majadiliano ya Kale Katika Nyaraka Zilizobadili Majina

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza tatizo moja linalowakabili kwa pamoja watafiti wa lugha, wa historia na wa sheria. Tatizo lenyewe ni namna ya kuyapanga na kuyatafuta majadiliano yaliyoandikwa katika vipindi mbalimbali, ilhali majina ya mahali, ya watu na ya vyombo vilivyoyaendesha majadiliano hayo yamekwisha kubadilika. Mfano utakaotumiwa ni wa Kipkelion, mji mdogo ulioko kaskazini mwa Kaunti ya Kericho nchini Kenya, kwenye njia ya reli baina ya Londiani na Fort Ternan. Mji huo ulijulikana kwa jina la Lumbwa katika kipindi chote cha ukoloni, na ni baada ya uhuru ndipo jina la Kipkelion liliposhika nafasi yake.

Kwa mtazamo wa juu juu, jambo hili laweza kuonekana kuwa dogo. Miji mingi ya Kenya ilibadilishiwa majina: Fort Hall ni Murang'a, Thomson's Falls ni Nyahururu, Broderick Falls ni Webuye. Mtu aweza kudhani kwamba inatosha kuandika orodha ya majina mawili mawili, la kale upande mmoja na jipya upande wa pili, kisha kazi ikawa imekwisha. Makala haya yataonyesha kwamba haitoshi. Yatajaribu kuthibitisha kwamba jina la kale halifai kufutwa wala halifai kuachwa peke yake, bali lapasa kufungamanishwa na jina jipya kwa kutaja miaka, aina ya uhusiano, na ushahidi wa uhusiano huo. Aidha, yatadai kwamba kazi hiyo ni ya mwanaisimu kabla ya kuwa ya karani au ya mashine.

Suala hili lina uzito kwa sababu katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet kuna watu ambao haki yao inategemea kuonekana au kutoonekana kwa karatasi fulani. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Yafaa kuongeza kwamba hata daftari lenyewe likiwapo, mali yaweza kupotea iwapo hakuna ajuaye ukurasa huo uliitwaje siku ulipoandikwa.

2. Jina moja na vitajwa vingi

Neno Lumbwa halikuwa jina la mahali pamoja tu. Kwa kawaida huelezwa kuwa asili yake ni katika Kimaasai, ambako lilitumiwa, mara nyingi kwa dharau, juu ya watu waliolima badala ya kutegemea mifugo peke yake. Wageni walilipokea neno hilo kutoka kwa wasafiri wenzao na wakalifanya kuwa jina la watu ambao wenyewe hujiita Kipsigis. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani mwezi wa Desemba 1901 ilipita pembezoni mwa nchi yao, na mojawapo ya stesheni zake ikapewa jina la Lumbwa. Kisha serikali ya kikoloni ikalitumia jina hilo katika mipaka ya utawala, hata ikawako wilaya iliyoitwa South Lumbwa, ambayo makao yake yalikuwa Kericho. Wamisheni nao walilichukua: Willis Hotchkiss, aliyefika mwanzoni mwa karne ya 20, aliita misheni yake Lumbwa Industrial Mission.

Kwa hiyo, mtafiti anayekutana na neno Lumbwa katika waraka wa zamani hana budi kujiuliza kwanza ni Lumbwa ipi. Yaweza kuwa stesheni na kitongoji chake. Yaweza kuwa mashamba ya walowezi yaliyoizunguka stesheni. Yaweza kuwa watu, popote walipoishi, hata ikiwa ni mbali na stesheni hiyo. Yaweza kuwa wilaya. Na kama waraka wenyewe watoka Tanganyika, yaweza kuwa si Wakipsigis hata kidogo, maana huko neno hilohilo lilitumiwa juu ya Waparakuyo, wafugaji wasemao Kimaasai. Vitajwa hivyo vyote vimejificha chini ya herufi sita tu.

Upande wa pili, kitajwa kimoja chaweza kuwa na majina mengi. Makala ya Juxon Barton yaliyochapishwa mwaka 1923 yaliwataja watu hao katika kichwa chake kwa majina mawili kwa pamoja, Kipsikis na Lumbwa, kana kwamba mwandishi alijua kuwa wasomaji wake walikuwa wamegawanyika. Kitabu cha J. G. Peristiany cha mwaka 1939 juu ya asasi zao za kijamii kilitumia Kipsigis, na ndivyo walivyofanya Ian Orchardson, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1961, na Robert Manners mwaka 1967. Katika miaka ya 1940 lilizuka jina pana zaidi la Kalenjin, lenye maana ya "nakwambia", likawakusanya pamoja Wakipsigis, Wanandi, Watugen, Wakeiyo na wengineo. Hivyo msomaji atafutaye habari za watu hao katika maktaba moja atalazimika kufungua angalau vitomeo vinne, na kimojawapo, yaani Kalenjin, kitamletea habari nyingi zisizowahusu Wakipsigis.

Mfano mwingine waonyesha jinsi badiliko la jina linavyoweza kuikata historia ya kitu kimoja vipande viwili. Wamonaki Watrapisti kutoka Tilburg, Uholanzi, walianzisha monasteri mwaka 1956, na mahali walipoianzisha paliitwa Lumbwa. Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 wamonaki hao walihamia Uganda mwaka 2008, na mahali walipopaacha paliitwa Kipkelion. Nyumba yao haikusogea kwa miaka hiyo yote. Lakini mtafiti ambaye hakuambiwa kuwa majina hayo ni ya mahali pamoja ataandika kwamba zilikuwako monasteri mbili.

3. Majadiliano yaleyale, vyombo vilivyobadilika

Tatizo la majina ya mahali na ya watu hushikamana na tatizo la vyombo vya majadiliano. Miongoni mwa Wakipsigis, mambo ya ujirani yalijadiliwa katika kokwet, yaani baraza la wakaao mahali pamoja. Majadiliano hayo yalikuwa ya mdomo, nayo yalihifadhiwa katika kumbukumbu za wazee. Serikali ya kikoloni, kwa sheria ya mwaka 1924, iliunda Mabaraza ya Wenyeji katika wilaya, ambayo mwenyekiti wake alikuwa mkuu wa wilaya. Mwaka 1950 mabaraza hayo yaligeuzwa kuwa Mabaraza ya Wilaya ya Waafrika. Baada ya uhuru likawako Baraza la Kaunti la Kipsigis. Hatimaye, kufuatia katiba ya mwaka 2010 na uchaguzi wa mwaka 2013, yakazaliwa mabunge ya kaunti, moja la Kericho na jingine la Bomet.

Vyombo hivi vilijadili kwa sehemu kubwa mambo yaleyale: ardhi, shule, mifugo, barabara na kodi. Mjadala juu ya ardhi iliyochukuliwa kwa ajili ya mashamba ya chai haukuanza upya kila chombo kilipobadilika. Makampuni makubwa ya chai yalipoingia Kericho katika miaka ya 1920, watu walilalamika. Watoto wao walilalamika mbele ya chombo kilichofuata. Na wajukuu wao wanaendelea mpaka leo. Hata hivyo, katika rafu za hifadhi, kila chombo kina mfululizo wake wa mafaili, mpangilio wake wa namba, na mtindo wake wa kuandika kumbukumbu. Mjadala mmoja mrefu umekatwa vipande kulingana na chombo kilichouandika.

Pamoja na hayo, mipaka nayo haikutulia. Wilaya ya Bomet ilitengwa na Kericho mwaka 1992. Kwa hiyo Kericho ya mwaka 1985 imeichukua Bomet ndani yake, na Kericho ya mwaka 2013 haikuichukua, ingawa jina halikubadilika hata herufi moja. Vivyo hivyo, eneo bunge la Kipkelion liligawanywa, na tangu uchaguzi wa mwaka 2013 ziko Kipkelion Mashariki na Kipkelion Magharibi. Hapa ndipo orodha ya majina mawili mawili inaposhindwa kabisa, maana badiliko lililotokea si la jina, bali ni la kile kinachotajwa na jina.

4. Mfano wa Watalai

Uzito wa suala hili huonekana wazi katika habari ya ukoo wa Talai. Ukoo huu ndio waliotoka ndani yake viongozi wa kiroho walioitwa orkoiyot kwa umoja na orkoiik kwa wingi. Serikali ya kikoloni iliwaona kuwa tishio, na mwaka 1934 ikatunga sheria mahsusi ya kuwaondoa katika nchi ya Wakipsigis. Walipelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, mahali penye joto na maradhi wasiyoyazoea, nao waliishi huko kwa miaka mingi.

Hebu tuchukue mtu wa leo, mjukuu wa mmoja wa waliohamishwa, anayetaka kupata waraka unaomtaja babu yake. Kwa lugha yake mwenyewe atatafuta Talai, Kipsigis, na Homa Bay, kwa kuwa Gwassi imo katika Kaunti ya Homa Bay. Hatapata kitu. Jina la sheria ya mwaka 1934 halikutaja Talai wala orkoiyot, bali lilitumia neno laibon, ambalo ni la Kimaasai. Watu wake waliandikwa Lumbwa. Na nchi waliyopelekwa ilikuwa katika wilaya iliyoitwa South Kavirondo, kisha South Nyanza, kabla ya majina hayo nayo kuondoka. Maneno matatu anayoyajua yeye hayakuwamo kalamuni mwa karani, na maneno matatu aliyoyatumia karani hayamo kinywani mwake.

Habari hii si ya zamani tu. Mwaka 2019 Tume ya Kitaifa ya Ardhi ya Kenya ilitoa uamuzi ulioyatambua madai ya Wakipsigis na Watalai kuwa ni ya dhuluma za kihistoria. Mwaka 2021 wataalamu maalumu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia serikali ya Uingereza juu ya jambo hilo, na mwaka 2022 malalamiko yalifikishwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Katika mashauri ya namna hii ushahidi wa mdomo husikilizwa, lakini waraka hupewa uzito wa pekee. Asiyejua jina la kale hawezi kuuleta waraka. Na asiyeuleta huhesabiwa kana kwamba hana.

Ikumbukwe pia kwamba wakati wa uhuru, mwaka 1963, serikali ya Uingereza iliondoa Kenya mafaili yapatayo 1,500. Kuwako kwake kulikuja kukubaliwa hadharani mwaka 2011, katika shauri la wazee wa Mau Mau mbele ya mahakama ya London, na baadaye mafaili hayo yakafunguliwa kwa wasomaji katika hifadhi ya nyaraka ya Kew. Kwa karibu miaka 50 hayakuwamo katika orodha yoyote iliyoweza kusomwa na umma, na kwa sababu hiyo, kwa watafiti, yalikuwa kama hayapo. Funzo lake ni kwamba waraka usioorodheshwa na waraka ulioorodheshwa kwa jina lisilojulikana hutofautiana kidogo sana machoni pa atafutaye.

5. Tofauti za tahajia na kanuni za sauti

Baadhi ya tofauti za majina si za kihistoria bali ni za sauti, na hizi zaweza kutatuliwa kwa kanuni. Katika Kikalenjin vipasuo vya ghuna na visivyo ghuna havitofautishi maana. Fonimu /p/ na /k/ hutamkwa kwa kuelekea kwenye ghuna zinapokuwa kati ya irabu, na msikilizaji mgeni huzisikia kuwa b na g. Hii ndiyo sababu ya kuwapo Kipsikis na Kipsigis: aliyeandika k alifuata mfumo wa fonimu, na aliyeandika g alifuata sikio lake. Hakuna aliyekosea.

Kanuni hiyohiyo hueleza majina mengine. Kiambishi awali kip-, ambacho hutumika katika majina ya wanaume, hubaki na p katika Kiprono na Kipchumba, ambamo hufuatwa na konsonanti, lakini husikika kuwa b kinapofuatwa na irabu. Kiambishi kap-, chenye maana ya kwa fulani au mahali pa fulani, kina p katika Kapsabet na b katika Kabianga. Mtengenezaji wa faharasa asiyeijua kanuni hii ataweka Kip- na Kib- mbali mbali, kana kwamba ni viambishi viwili.

Ziko pia tofauti zitokanazo na maandishi yenyewe. Urefu wa irabu una maana katika Kikalenjin, lakini waandishi wengi hawakuuonyesha. Kwa hiyo kuna Talai na Talaai, arap na araap. Toni, pamoja na tofauti ya irabu itokanayo na mkao wa shina la ulimi, kwa kawaida haziandikwi kabisa. Tena nomino huwa na umbo la umoja na la wingi yaliyo mbali sana, na mwandishi wa Kiswahili huongeza kiambishi chake mwenyewe, hata Kipsigisiek ikawa Wakipsigis. Uchunguzi wa Taaita Toweett uliochapishwa mwaka 1979, na sarufi ya Kinandi ya Chet Creider na Jane Tapsubei Creider ya mwaka 1989, zinatoa msingi wa kutosha wa kuzipanga tofauti hizo kwa utaratibu.

Jambo hili si geni kwa wataalamu wa Kiswahili. Atafutaye neno macho katika maandishi ya Kimvita atalikuta mato. Mchanga atalikuta mtanga. Njia atalikuta ndia. Kamusi ya Krapf ya mwaka 1882 iliegemea Kimvita, na kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 iliegemea Kiunguja kilichosanifiwa. Anayejua kwamba ch na nj za Kiunguja huenda sambamba na t na nd za Kimvita katika maneno ya namna hiyo hupita kutoka kamusi moja hadi nyingine bila shida. Asiyejua hudhani maneno yamepotea.

6. Uwezo na mipaka ya mashine

Siku hizi nyaraka nyingi zinaingizwa katika kompyuta, na wengi wana matumaini kwamba mashine itaondoa taabu yote hii. Yafaa kuupima uwezo huo kwa mfano. Mojawapo ya njia za kale za kutafuta majina kwa sauti ni ile iitwayo Soundex, iliyosajiliwa Marekani na Robert Russell mwaka 1918, naye akaiongezea mwaka 1922. Njia hii huacha herufi ya kwanza ya jina kama ilivyo, huziondoa irabu, na huzipa namba konsonanti zinazofanana kimatamshi: b na p hupewa 1, g, k na s hupewa 2, t hupewa 3, l hupewa 4, m na n hupewa 5, r hupewa 6.

Kwa njia hii Kipsigis na Kipsikis yote mawili huwa K122. Buret na Bureti huwa B630. Talai na Talaai huwa T400. Katika tofauti za tahajia, basi, mashine inafanya kazi njema. Lakini Lumbwa huwa L510, na Kipkelion huwa K124. Hakuna hesabu ya sauti itakayoyakutanisha majina hayo mawili, kwa sababu hayakukutana katika sauti. Yalikutana katika historia.

Zaidi ya hayo, njia hiyo iliundwa kwa ajili ya majina ya Kiingereza. Kwa kuwa haigusi herufi ya kwanza, huwatenganisha Gusii na Kisii, G200 na K200, ambayo ni majina ya watu walewale jirani za Wakipsigis. Papo hapo huipa Gwassi namba ya G200, hata mahali walipohamishiwa Watalai pakachanganywa na Wagusii. Mashine ya kisasa yenye uwezo mkubwa zaidi inaweza kupunguza makosa kama haya, lakini nayo hujifunza kutokana na maandishi yaliyopo. Pale ambapo hakuna aliyeandika kwamba laibon wa sheria ya mwaka 1934 ndiye orkoiyot wa Watalai, mashine haina mahali pa kulipata jambo hilo.

7. Mafunzo kutoka fani nyingine

Fani nyingine zimekwisha kukutana na tatizo hili na kulipatia utaratibu. Mfano mmoja umo katika ardhi ya Kipkelion yenyewe. Huko Fort Ternan, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Louis Leakey alipata visukuku vya mnyama wa jamii ya nyani aliyeishi yapata miaka milioni 14 iliyopita, naye mwaka 1962 akampa jina la Kenyapithecus wickeri. Muda si mrefu Elwyn Simons na David Pilbeam walimwingiza katika jenasi ya Ramapithecus, na baadaye wataalamu wakamrudisha katika Kenyapithecus. Katika mabishano hayo yote hakuna jina lililofutwa. Kila jina huhifadhiwa pamoja na aliyelitoa na mwaka alioutoa, na mfupa wenyewe hubaki na namba yake isiyobadilika. Kwa hiyo msomaji wa leo aweza kuyafuata majadiliano ya miaka 60 bila kupotea.

Wahifadhi nyaraka nao wana kanuni yao, iliyoelezwa kwa ukamilifu katika mwongozo wa Waholanzi Muller, Feith na Fruin wa mwaka 1898. Kanuni hiyo husema kwamba nyaraka za chombo kimoja zibaki pamoja, katika mpangilio zilioupata wakati chombo hicho kilipokuwa hai. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965, inayo mafaili ya wilaya yaliyobaki chini ya vichwa vyake vya asili, na mikrofilamu zilizopigwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Syracuse cha Marekani ziliufuata mpangilio huo.

Wako watakaosema kwamba neno Lumbwa ni la dharau na kwamba lapasa kuondolewa katika vichwa vya mafaili. Hoja hiyo ina haki yake, nayo haifai kupuuzwa. Hata hivyo, kulifuta neno ni kuufuta pia ushahidi wa dharau yenyewe, na ni kuukata uzi unaomfikisha mjukuu kwa babu yake. Njia iliyo bora ni kulivua neno hilo ukuu bila kulinyima mahali: Kipsigis kiwe kidahizo, na Lumbwa libaki kama jina lililotumiwa na watu fulani katika miaka fulani.

8. Pendekezo la utaratibu

Kutokana na hayo, yapendekezwa kwamba kila jina litolewalo katika nyaraka za nchi hii liandikiwe kadi yake, iwe ya karatasi au ya kompyuta, yenye mambo sita: jina kama lilivyoandikwa katika waraka, umbo lake kwa tahajia ya leo, kitajwa chake, yaani kama ni mahali, watu, chombo au cheo, miaka ya matumizi, waraka ushuhudiao, na uhusiano wake na majina mengine.

Jambo la sita ndilo lililo gumu. Mahusiano yasiyopungua manne yapasa kutofautishwa. La kwanza ni tofauti ya tahajia, kama Kipsikis na Kipsigis. La pili ni badiliko la jina bila badiliko la kitajwa, kama stesheni ya Lumbwa na Kipkelion. La tatu ni mgawanyiko, kama Kericho na Bomet mwaka 1992, ambapo jina la kale ni pana kuliko jipya. La nne ni mwachano wa mtazamo, kama laibon na orkoiyot, ambapo wenyeji na watawala walikitaja kitu kimoja kwa maneno ya lugha mbili tofauti, na hata maana zao hazikulingana sawasawa. Kuyachanganya mahusiano haya manne katika alama moja ya "tazama pia" ni kumwachia msomaji mzigo ambao mtengenezaji wa faharasa ndiye aliyepaswa kuubeba.

Majadiliano yenyewe yaorodheshwe kwa hoja, juu ya mpangilio wa asili na si badala yake. Hoja ya ardhi ya chai, kwa mfano, ipewe namba moja isiyobadilika, na chini ya namba hiyo zifuatane kumbukumbu za Baraza la Wenyeji, za Baraza la Wilaya la Waafrika, za Baraza la Kaunti na za mabunge ya kaunti mawili, kila moja ikiwa na tarehe yake na jina la chombo kama kilivyoitwa siku hiyo. Faili libaki rafuni lilipo. Kinachokusanywa ni njia za kulifikia.

Kazi hii haiwezi kufanywa na mtu mmoja, wala haiwezi kufanywa Nairobi peke yake. Inahitaji wajuao Kikalenjin, wajuao lugha ya maofisa wa kikoloni, na wazee ambao bado wanakumbuka stesheni ikiitwa Lumbwa. Idara za lugha katika vyuo vilivyo karibu, kikiwamo Chuo Kikuu cha Kabianga kilichopata hati yake mwaka 2013, zina nafasi nzuri ya kuianza, hasa kwa kuwa wanafunzi wao wengi ni wana wa nchi hiyo na wanaweza kuwauliza wazee kwa lugha yao.

9. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba ugumu wa kuyatafuta majadiliano ya kale una tabaka mbili. Tabaka ya kwanza ni ya maumbo ya maneno, nayo yatatulika kwa kanuni za sauti, ambazo zaweza kufundishwa hata mashine. Tabaka ya pili ni ya historia ya majina, nayo haitatuliki isipokuwa kwa mtu ajuaye kuandika kwamba jina hili lilikuwa la kitu hiki, baina ya miaka hii, kwa ushahidi huu. Tabaka ya kwanza imeshughulikiwa sana kwa sababu ina utaratibu. Ya pili imeachwa, nayo ndiyo yenye haki za watu ndani yake.

Wazee waliozikumbuka siku za Gwassi wanazidi kupungua mwaka hadi mwaka, na pamoja nao yanaondoka majina ambayo hayamo katika kamusi yoyote. Nyaraka zitabaki. Litakalokosekana ni mtu wa kusema zinamtaja nani.